Kiwanja cha Bi Zuhura na Nyumba Yangu ya Kwanza Voi

Mwaka jana niliacha kazi ya kupangisha vyumba. Sikuachishwa na mtu, maana hapakuwa na mtu juu yangu wa kuniachisha. Magoti ndiyo yaliyokataa kupanda ngazi ya kukagua paa, na macho hayaoni tena ufa wa ukuta mpaka niuguse kwa kidole. Sasa vyumba anaviangalia mke wangu Wakesho, na wapangaji wameanza kunikumbuka kwa wema, jambo ambalo sikulitegemea.

Nyinyi mliobaki katika kazi hii hapa Voi, na wale ninaosikia wanaweka vyumba kule Bomeni na Mata, mmeniuliza mara nyingi, "Mzee Maghanga, mtu aanze vipi?" Nikawajibu kwa kifupi, mkaondoka mkinong'ona kwamba nawaficha kitu. Kweli nilikuwa nawaficha. Mtu hamfundishi jirani yake kumvuta mpangaji. Lakini sasa nimetoka, mkinishinda hamnipunguzii chochote, kwa hiyo nitasema.

Kuandika nilijifunzia misheni, benchi la nyuma, muda wa kutosha kujua jina langu likiandikwa vibaya. Mkikuta kosa humu liacheni lilivyo. Nyumba zangu zilisimama bila nukta wala mkato. Na anayetaka kujua nilipata kiasi gani asijisumbue kusoma mpaka mwisho. Hilo hata Wakesho nimemwambia nusu.

Niliteremka kutoka Mgange, kwetu milimani, siku zile treni bado ilikuwa kitu cha kutazamwa. Watu walitoka milimani na chakula chao, wakakaa kando ya reli kuingoja ipite, kisha wakarudi kwao wakiwa wameridhika. Mimi sikurudi. Nilipata kibarua cha kuwachotea maji watu wa reli, na hapo nikaanza kuona jambo ambalo wenzangu hawakulitazama. Treni ilikuwa inateremsha watu. Wapishi, mafundi, wachukuzi, madereva wa magari ya ng'ombe waliokuwa wakienda Taveta kwa barabara. Wote hao jua likianza kuinama walikuwa wanauliza swali moja: nitalala wapi? Sikumsikia hata mmoja akiuliza treni inakwenda kasi gani.

Voi ya wakati ule ilikuwa stesheni, safu ya maduka ya Wahindi, na upande wa chini nyumba za udongo za Waislamu kutoka pwani waliofuata reli. Udongo wake mwekundu, mchwa wake hawana adabu, na joto lake kwa mtu wa milimani ni kama kuadhibiwa kwa kosa la mwingine. Niliacha maji, nikashika kazi ya kukandika kuta. Ndipo nikakutana na Bi Zuhura.

Huyu alikuwa mjane wa mnyapara wa misafara, mtu wa Mombasa, na mume alimwacha na nyumba kadhaa kule chini. Alikuwa mwembamba, mwenye tambuu mdomoni na sindano ndefu ya kushonea magunia, ameichomeka kwenye pindo la leso. Sindano ile sikujua kazi yake mpaka siku ya kwanza nilipomaliza ukuta wake. Alikuja, akaichomoa, akaidunga ukutani. Ikaingia mpaka kati.

"Weye Mtaita," akaniambia, "ukuta huu umeukandika ama umeupaka mafuta?"

"Nimeukandika, Bi Zuhura."

"Basi sindano yangu imeota meno. Bomoa."

Nilibomoa. Sikumpenda. Lakini mpaka leo sijaona chombo cha kukagua nyumba kinachozidi sindano ile, na nilipoweza nilijinunulia yangu. Mtu akikuuzia nyumba atakuonyesha mlango, atakuonyesha kivuli, atakupa chai. Wewe dunga ukuta. Dunga nguzo pale inapoingia chini, maana mchwa hula kuanzia hapo na juu huacha ngozi nzima ya kukudanganya. Nguzo yangu mimi niliichoma moto upande wa chini mpaka ikawa nyeusi kabla ya kuisimika, na shimo nikalijaza majivu. Mchwa walikwenda kwa jirani.

Bi Zuhura alinifundisha mengi bila kukusudia. Alimfundisha nani kwa hiari yake? Mimi nilikuwa nakandika huku nasikiliza. Mpangaji akija, hakumwuliza anatoka wapi, kwa sababu kila mtu anatoka mahali pazuri. Alimwuliza jana alilala wapi, na mbona leo hataki kulala huko huko. Mtu mwongo hukwama kwenye swali la pili. Akamtazama viatu, akamtazama mzigo. Mtu mwenye kufuli kubwa kuliko sanduku alimkataa. Mtu aliyetaka kulipa miezi mingi mbele pia alimkataa, na mimi nikashangaa, mpaka askari walipokuja kumtafuta mtu yule kwa jirani aliyempokea.

Jambo moja tu lilinitatiza kwake. Alikuwa anauza nyumba. Polepole, moja baada ya nyingine, anauza. Nikamwuliza siku moja nikiwa juu ya ngazi.

"Nyumba zina taabu," akasema. "Zavuja, zaoza, zaliwa na wadudu. Kiwanja hakivuji, mwanangu."

Sikulielewa neno hilo. Nilidhani ni uzee.

Siku nyingine akanena mbele yangu kwamba anauza ile ya mwisho wa safu, upande wa mtoni. Vyumba vyake vilikuwa vizuri, na maji ya mvua yalikuwa yanapita mbali nayo. Hilo nililijua kwa sababu nilikwenda kusimama pale mvua ikinyesha, na nyinyi fanyeni hivyo hivyo. Kiwanja usikinunue wakati wa kiangazi. Kiangazi kila mahali ni pazuri.

Nilipanda Mgange nikauza ng'ombe. Baba zangu wadogo walinicheka mpaka machozi.

"Unauza kitu kinachozaa, ununue udongo wa Voi?" akasema mkubwa wao. "Huo udongo utaukama asubuhi au jioni?"

Nikateremka na ndugu zangu wawili na mbuzi, ili tununue kama watu wanavyonunua. Sasa sikilizeni vizuri. Kwetu milimani ukinunua, unanunua ardhi. Nyumba huifuata ardhi kama ngozi inavyomfuata mbuzi. Hakuna anayemuuzia mtu nyumba peke yake, angeibeba wapi? Na ardhi haichukuliwi kwa maneno matupu. Muuzaji na mnunuzi wanakula mbuzi mmoja, kisha mpaka wa ardhi unatembewa na watu wanaona, na kwenye pembe unapandwa ule mmea wa majani marefu ambao hakuna mtu wa kwetu atakayethubutu kuung'oa. Mkishafanya hayo, hata mkifa, wajukuu wenu hawana ugomvi.

Tukafanya yote. Bi Zuhura alimwita mtu wa dini yake achinje ili nao wapate kula, na wakala sana. Tukatembea mpaka, ndugu zangu mbele, mimi nyuma, yeye ameketi kwenye kigoda anatutazama. Tukapanda mimea yetu kwenye pembe zote.

"Mashaallah," akasema. "Mumekipamba kiwanja."

Ndugu yangu akanigusa ubavuni. "Umemsikia? Amekubali mbele ya watu."

Nikaingia katika nyumba yangu. Nikaoa, nikamleta Wakesho, tukakaa chumba kimoja na vingine tukapangisha. Nilijiona mtu. Nilikuwa natembea Voi nikikanyaga chini kwa kishindo.

Mwaka ulipozunguka, Bi Zuhura akaja na kigoda chake, akaketi mlangoni kwangu.

"Maghanga, mwaka umekatika."

"Umekatika, Bi Zuhura. Tunashukuru uzima."

"Alhamdulillahi. Basi nimekuja kuchukua ijara."

"Ijara gani?"

"Ya kiwanja."

Nilidhani anatania. "Kiwanja kipi?"

"Hiki ulichokalia. Nyumba ni yako, kiwanja changu. Mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kila mwaka. Kwani kwenu hamulipi?"

"Mbuzi ulikula!" nikamwambia. "Ulikula ukalamba vidole!"

"Nilimla, na alikuwa na mafuta, Mungu akuzidishie. Lakini tangu lini mtu akala mbuzi akatapika kiwanja?"

"Tulitembea mpaka ukiona!"

"Nilidhani mwaifanyia nyumba dua. Nasi huzungusha ubani."

"Na mimea?"

"Nikajua Mtaita apenda maua."

Wapangaji walikuwa wamesimama milangoni, mmoja ameziba mdomo kwa kitambaa. Wakesho alingoja mpaka yule mama ameondoka, akaniambia, "Kwa hiyo umenunua kofia, kichwa ni cha mtu."

Ndugu zangu walitaka twende kwa Bwana Shauri, Mzungu wa serikali aliyekuwa akiamua kesi. Nikawakataza. Mtu asiye na kitu mkononi akienda mbele ya serikali anarudi na kidogo kuliko alichokwenda nacho. Nilikwenda kwa mzee mmoja wa pwani aliyekuwa akikaa karibu na msikiti, ambaye hakuwa na udugu na Bi Zuhura. Hilo nililichunguza kwanza. Akanieleza kwamba huko kwao ndivyo ilivyo tangu babu zao. Kiwanja ni mali mbali na nyumba ni mali mbali. Mwenye kiwanja anaweza kukuambia uondoke, lakini lazima akupe muda, nawe utaondoka na nyumba yako yote: nguzo, milango, mabati, mpaka msumari wa mwisho. Kitu asichoweza kabisa ni kuichukua nyumba yako.

"Yeye hakukuibia," akasema mzee yule. "Amekuuzia alichokuuzia."

Nililipa ile ijara. Nililipa kila mwaka, na kila mwaka nilimtazama Bi Zuhura kama mtu anayetazama mbwa aliyelala njiani. Ninyi mnaonisoma, kabla hamjatoa kitu mkononi, mwambieni muuzaji aseme kwa mdomo wake mbele ya watu wake na watu wenu: nauza hiki, na hiki siuzi. Mwulizeni kile asichouza. Watu wa makabila mawili wanaweza kula mbuzi mmoja na kila mmoja akaenda nyumbani ameshiba mapatano yake.

Ila uchungu ule ulinipa ufundi ambao hakuna aliyekuwa nao Voi. Nikasema, ikiwa chini si kwangu, sitaweka chini kitu nisichoweza kukibeba. Kila nilipotengeneza upande wa nyumba, niliutengeneza upya kwa namna yangu. Nguzo nikazifunga kwa nati badala ya misumari. Milango nikaitundika kwa pini za mti, ukigonga inatoka. Kuta za udongo nikaziondoa kidogo kidogo nikaweka fremu zenye madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa, na paa vile vile. Mvua ikinyesha humo ndani husikii hata mkeo akikutukana, na hilo lina faida yake. Kisima sikuchimba. Sakafu ya mawe sikuweka. Mafundi wenzangu waliita nyumba yangu hema la Maghanga.

"Unahama lini?" walikuwa wananiuliza wakipita.

"Mtakapohama nyinyi," niliwajibu. Nilikuwa najibu tu, sikujua lolote.

Kisha vita vikaja. Voi ikajaa watu kama gunia lililoshindiliwa kwa goti. Askari, wachukuzi, wapishi wa askari, watu waliowafuata wapishi. Kila chumba kilikuwa na watu na kila mtu alikuwa na habari. Kazi yetu wakati kama huo ni rahisi sana, na ndiyo maana ni ya hatari. Nilikuwa na mpangaji mmoja, mtu mpole, aliyekodi chumba cha peke yake. Nilipopita mchana nikamkuta hayupo, lakini ndani kulikuwa na watu wanakoroma kama kiwanda, na nje wengine wanangoja zamu. Alikuwa anapangisha sakafu yangu kwa kipande. Nilimfukuza, ingawa nakiri nilimheshimu kidogo.

Wakati huo Bi Zuhura alikuwa ameshauza nyumba zake zote. Amebaki na viwanja na chumba kimoja alichojiwekea katika nyumba aliyouza, na anaishi kwa ijara zetu. Nikamwendea. Nikamwambia, "Bi Zuhura, niuzie kiwanja. Safari hii kiwanja chenyewe."

"Siuzi."

"Taja bei."

"Nikitaja utazimia. Kiwanja ndicho kinilishacho."

Akasugua sindano yake kwenye leso, akatazama pembeni. Mtu akitazama pembeni nikimuuliza bei, mimi hujua kuna mnunuzi mwingine.

Na kweli haukupita muda akashuka mtu kwenye treni ya Mombasa, kijana wa kaka yake Bi Zuhura, yaani Bi Zuhura ndiye shangazi yake, anaitwa Abdala. Kanzu nyeupe, koti juu yake, na sauti laini kama ya muuza manukato. Alinisalimu vizuri kupita kiasi.

"Shikamoo, mzee wangu."

Sikuwa na mvi hata moja. Mtu akikuita mzee kabla ya mvi, kahesabu milango yako. Nami nikaenda kuihesabu, na kwa kweli nikamkuta Abdala nyuma ya nyumba, anaihesabu yeye.

"Natazama tu," akasema. "Nyumba nzuri. Shangazi alijenga vizuri."

"Shangazi yako hajajenga hata mlango mmoja hapa. Nimejenga mimi."

"Haya, mzee wangu. Haya."

Nikamwambia Wakesho tangu siku ile asitoke nyumbani mimi nikiwa sipo. Akaniuliza naogopa nini. Nikasema sijui, ndiyo maana naogopa.

Tukaja kujua zilipofika bendera na kamba za kupimia. Walikuwa wanatandika reli ya kwenda upande wa Taveta, kwa ajili ya vita, na sehemu yetu ya mtoni ilitakiwa kwa kazi hiyo. Vigingi vikapigwa. Kimoja kikapigwa katikati ya jiko la Wakesho, naye akakitundikia sufuria. Tukaambiwa atakuja karani kuandika nyumba ya nani iko wapi, wenye nyumba wapewe kifuta jasho na ruhusa ya kuchukua vifaa vyao, kisha kila mtu aondoke. Abdala alikuwa amezisikia habari hizo Mombasa kabla hazijatufikia sisi. Ndiyo maana alihesabu milango.

Elewa nilivyokuwa nimesimama siku hiyo. Ng'ombe wangu wote walikuwa ndani ya nyumba ile. Miaka yangu yote ya Voi ilikuwa ndani ya zile nguzo. Jina la mtu mwingine likiandikwa, ningepanda Mgange na mke na vyombo, nikawakute baba zangu wadogo wameketi wananingoja wacheke tena.

Karani alikuja na kimeza chake cha kukunja. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye haraka. Mzungu wa kupima alikuwa mbali anachungulia darubini yake, hakutujali. Watu wakajipanga. Zamu ya nyumba yangu ilipofika, kabla sijafungua kinywa, Abdala akasema, "Hii ya shangazi yangu. Hapa pote ni kwa shangazi yangu."

"Mwongo," nikasema. "Nyumba ni yangu."

Karani akanitazama. "Umeinunua?"

"Nimeinunua. Ndugu zangu ni mashahidi."

"Wako wapi?"

"Milimani."

"Hawasaidii wakiwa milimani."

Nikawaza, hata wakija watasema nini? Watasema tulinunua ardhi na tukatembea mpaka, na kila mtu hapa anajua ardhi haikuwa yangu. Mashahidi wangu walikuwa wa kesi nyingine.

Abdala akacheka polepole. "Karani, mwulize swali moja tu. Humlipa shangazi yangu kila mwaka, ama halipi?"

Karani akageuka kwangu. "Unamlipa yule bibi?"

Nikaona mtego wote na mguu wangu ulikuwa umeshaingia. Nikisema silipi, wapo watu hapo walioniona nikilipa. "Namlipa," nikasema, "lakini ni ya—"

"Basi wewe ni mpangaji," akasema karani, akachovya kalamu.

"Nani mpangaji?"

Alikuwa Bi Zuhura. Amekuja na kigoda chake kama kawaida, anapita katikati ya watu akiwasukuma kwa kiwiko. Nilisema moyoni, hawa wamepanga, huyu mpwa ametangulia na huyu anakuja kufunga.

"Huyu bwana, bibi," akasema karani. "Anakaa katika nyumba yako."

"Nyumba yangu? Mimi sina nyumba hapa. Nyumba ya Mtaita. Nilimuuzia kwa mdomo wangu, akalipa, na watu wote hawa walikuwapo. Anilipacho kila mwaka ni ijara ya kiwanja. Changu ni kiwanja."

"Shangazi," Abdala akamshika mkono, "nyamaza, hujui wanachoandika."

"Nyamaza weye! Nimekusugua masikio ukiwa mdogo, nadhani nilisugua nje tu." Akamgeukia karani. "Andika. Nyumba, Maghanga. Kiwanja, Zuhura."

Karani akaandika jina langu. Aliliandika vibaya, nami kwa mara ya kwanza maishani nikaliacha lilivyo. Kisha akainua macho.

"Na kiwanja, bibi. Una hati?"

"Hati ya nini? Tulipofika hapa na marehemu palikuwa na nyoka. Tukafyeka. Katafute nyoka wakupe ushahidi."

Watu wakacheka. Karani hakucheka. Akamwambia taratibu, kwa Kiswahili cha pwani, kwamba ardhi ile serikali inaihesabu kuwa ni yake, na kinachofidiwa ni nyumba peke yake. Kiwanja hakina malipo.

Bi Zuhura akasimama pale pale. Akaiweka leso yake vizuri begani, ingawa ilikuwa vizuri. Abdala akampigia kelele mbele ya watu kwamba angesema maneno mawili tu, "nyumba yangu", angepata kitu. Treni iliyofuata ya Mombasa ilimchukua Abdala, bila kumuaga shangazi yake.

Majirani zangu walibomoa nyumba zao, wakabaki na marundo ya udongo na miti iliyooza. Mimi na wapangaji wangu tulichukua spana na nyundo. Tukagonga pini, milango ikatoka. Tukafungua nati, nguzo zikalala chini moja baada ya nyingine. Wale mafundi walioiita hema walikuja kukodi spana yangu, nikawakodisha, ndiyo, sikuwapa bure. Kwa kiwanja kipya niliuliza kila mtu, nikauliza tena, mpaka nikapata mahali palipopimwa na serikali, kwa kibali cha mwaka hadi mwaka. Hapo najua ninachonyimwa. Nyumba ikasimama tena kabla Voi haijamaliza kutushangaa.

Siku ya kupeleka mzigo wa mwisho, Bi Zuhura alikuwa ameketi juu ya sanduku lake kando ya vigingi. Nyumba alimokuwa na chumba chake ilikuwa imebomolewa, na aliyeinunua ameshaondoka.

Wakesho akaniuliza, "Utamwacha pale?"

"Nafikiri."

"Unafikiri nini?"

"Nafikiri kwa nini alisema vile. Huenda alidhani kiwanja kitalipwa zaidi ya nyumba. Kama alidhani hivyo, mimi hakunitendea wema wowote, alijihesabia yake akakosea."

"Kumbe," akasema Wakesho. Akalishika sanduku upande mmoja, akaniambia, "Shika huko."

Tukampa chumba cha pembeni. Baada ya siku kadhaa nikaenda nikaketi kwake, nikamwuliza waziwazi. "Bi Zuhura, uliposema nyumba ni yangu, ulijua kwamba kiwanja hakilipwi?"

Akaihamishia tambuu yake shavu la pili.

"Ningejua," akasema, "ungetaka niseme nini?"

"Nakuuliza wewe."

"Nami nakuuliza weye." Kisha akanyoosha kidole. "Mlango huu wasugua chini. Uinue kidogo."

Niliuinua. Jibu sikupata, na sijalipata mpaka leo, ingawa nimelizungukia kwa njia nyingi, maana yeye ni mjanja kuliko mimi. Nimenunua kwa watu wengi baada ya hapo, na nimewapangisha wengi zaidi, na nimewashuku wote, na wengi wao nilikuwa sawa kuwashuku. Huyu mmoja sijui nimweke wapi. Amezeeka sana sasa, lakini sindano bado anayo, na fundi mpya wa Wakesho anamwogopa kuliko anavyoniogopa mimi. Chakula anapelekewa. Kodi simtozi. Ila sijamwambia hata siku moja kwamba chumba kile ni chake, na nyinyi mkipita pale kumsalimia, msije mkamwambia.